Jumamosi ya Oliver Ogweno

Taarifa ya kampuni ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Gisiri tangu alipoisoma mara ya kwanza. Ilisema kwamba Oliver Ogweno, fundi wa mtambo wa barafu katika kiwanda cha samaki cha kampuni ya Ghuba, Homa Bay, aliingia chumba cha mitambo Jumamosi asubuhi bila idhini, akafungua vali ambayo hakutumwa kuifungua, na gesi ya amonia ikamuua. Ilisema alikuwa kama familia. Ilisema kampuni ingegharamia jeneza, mahema na gari la kumpeleka nyumbani kwake Kendu Bay, azikwe Jumapili.

"Umeisoma tena," alisema Joyline, afisa wa uhusiano mwema wa kampuni. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu, mbali na harufu. Nyuma yake dirisha lilikuwa limejaa ziwa.

"Naisoma mpaka naiota. Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Na nani alikwambia ni Jumamosi?"

"Msimamizi wa zamu. Na mashine ya getini. Kadi ya marehemu iligongwa Jumamosi asubuhi, kama ilivyogongwa Jumamosi zote mwaka huu. Nilikupa nakala, Inspekta."

Alimpa, kweli. Gisiri alikuwa ameikagua ile nakala usiku na mchana na haikumpa hata ufa wa kupenyeza ukucha. Hii ilikuwa Alhamisi, mara yake ya tatu kwenye kiti hiki, na mara zote tatu alikuwa ameondoka na chai tumboni na mikono mitupu.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Mtu amekufa. Mnakaa chini, mnaamua mseme nini. Mnaamuaje?"

Joyline aliweka kalamu chini. Lilikuwa swali alilolipenda, ilionekana.

"Njia si nyingi. Kampuni inaweza kunyamaza, lakini ukinyamaza watu watakusemea, na hawatakusemea mazuri. Inaweza kukana. Ukikana halafu ukweli utoke, umekufa mara mbili. Inaweza kuomba msamaha, na hapo mawakili wanaruka juu, maana msamaha ni kukiri. Inabaki njia moja. Kosa ni la mtu, huzuni ni yetu."

"Na mtu mwenyewe hawezi kujibu."

"Hiyo husaidia," alisema, bila aibu na bila furaha.

Ukutani kulikuwa na picha kubwa, mpya, wino wake bado unang'aa. Wazungu wanne na Wachina wawili, wote wamevaa makoti meupe na vifuniko vya nywele, wakitazama barafu ikimwagika kwenye makreti.

"Hawa walikuja lini?"

"Ijumaa. Ni wanunuzi. Ziara ilienda vizuri sana."

"Ijumaa wageni, Jumamosi msiba."

"Msiba hauna ratiba, Inspekta."

Gisiri alisimama, akakaa tena. "Kiwanda kina mafundi wawili wa barafu. Mmoja ni marehemu. Wa pili namtafuta tangu Jumatatu."

"Tony Mirumbe. Alihamishiwa depo yetu ya Migori."

"Siku gani?"

Joyline alitazama karatasi zake. "Itabidi niulize."

"Depo ya Migori ina friza za kuchomeka ukutani. Fundi wa amonia anaenda kufanya nini huko? Kupangusa vumbi?" Hasira ikampanda, na ilipompanda Gisiri husema zaidi ya anavyotaka. "Na mnajua hiyo Jumamosi yenu imemfanyia nini mjane? Ogweno alikuwa Msabato. Wazee wa kanisa wamesema aliyekufa na spana mkononi siku ya Sabato haingizwi kanisani. Mama wa watu hapati usingizi. Hakutaka jeneza lenu. Alitaka siku tu."

Joyline aliichukua tena kalamu. "Sikujua kama alikuwa Msabato."

"Alikuwa kama familia," Gisiri alisema, akachukua kofia yake.

*

Kezia, mjane wa Ogweno, alimpokea nje ya nyumba, chini ya hema jipya lenye jina la kampuni kwenye kila pembe. Wanawake walikuwa wakichambua mboga. Kezia hakuinuka.

"Karibu, afande. Kaa. Umeniletea nini?"

"Bado, mama."

"Bado," alirudia, kama mtu anayeonja chakula kisichoiva. Alitoa karatasi kutoka kwenye leso. "Watu wa kampuni wamekutangulia. Walikuja jana na huyo msichana wao wa taarifa. Wameniandikia shukrani nisome Jumapili mbele ya kamera. Mimi nishukuru, na wao ndio wameniandikia."

"Wazee wa kanisa wamerudi?"

"Wamerudi. Wamesoma hiyo karatasi ya geti. Wananiambia, Kezia, mumeo alikuwa anafanya kazi Sabato mwaka mzima, hukujua? Nitajuaje? Yeye alikuwa anaishi Homa Bay, mimi niko hapa na watoto. Anakuja mwisho wa mwezi. Ijumaa jua likizama simu yake inazimwa. Mimi najua anasali." Alirudisha karatasi kwenye leso. Aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Sasa nakuuliza, na usinifiche. Kama ni Jumamosi, sema ni Jumamosi. Nataka nijue namlilia mume wangu au namlilia mwongo."

Gisiri alikuwa amehoji walinzi, wapishi, dereva wa lori, wanawake wa kukata minofu. Wote walimjibu neno kwa neno kutoka kwenye taarifa, kama watoto wa darasa moja waliokariri shairi moja. Marehemu aliingia bila idhini. Marehemu alikuwa kama familia.

"Nipe mpaka Jumapili," alisema.

"Jumapili ndiyo tunazika."

"Najua, mama."

Alipofika kwenye gari simu iliita. Bwana Onsongo, mkuu wake wa upelelezi, hakumsalimu.

"Uko Kendu Bay tena."

"Ndiyo, afande."

"Daktari amesema gesi. Kampuni imesema gesi. Wewe peke yako ndiye unatafuta kingine."

"Sitafuti kingine. Natafuta siku. Huyu mtu hakuwa wa kufanya kazi Sabato."

"Imani si ushahidi, Gisiri. Kadi ya geti ni ushahidi. Faili yako nataka mezani Jumatatu, imefungwa. Na usinisumbue baada ya mazishi. Mtu akishaingia udongoni huku, sitaenda kwa hakimu kuomba afukuliwe. Boma lote litanilaani, na gavana atanipigia simu kabla ya laana kufika."

Gisiri aliangalia kibao cha barabarani cha kituo cha polisi. Kilikuwa kimepakwa rangi upya mwezi uliopita, na chini yake, kwa herufi ndogo za buluu: *Kwa hisani ya Ghuba, jirani mwema*.

*

Alifika Migori Ijumaa, amechelewa, kwa sababu pale Uriri trekta la miwa lilikuwa limelala katikati ya barabara na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuliamsha. Depo ya Ghuba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Tony Mirumbe alikuwa amekaa juu ya friza, miguu ikining'inia, akichezea simu. Alipoona kitambulisho alishuka polepole.

"Niko sawa, boss. Sina shida na serikali."

"Mimi ndiyo nina shida. Ogweno alikufaje?"

Tony aliweka mikono nyuma. "Marehemu aliingia katika chumba cha mitambo Jumamosi asubuhi bila idhini ya msimamizi. Kwa bahati mbaya alifungua vali. Kampuni inasikitika. Alikuwa kama familia kwetu sote."

"Rudia."

Alirudia. Hakukosea hata mkato. Msimamizi wa depo alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anahesabu ndoo.

Gisiri alihisi uchovu wa juma zima ukimkalia mabegani. Angeweza kupiga meza. Angeweza kutishia. Alikuwa amefanya yote mawili Homa Bay na yakamzalia taarifa ileile. Alitazama uso wa yule kijana, pua yake, namna alivyotamka neno *mitambo*, na akamuuliza kwa Kikuria:

"Wewe ni wa wapi?"

Tony alishtuka. "Kegonga," alijibu kwa Kikuria pia, kabla ya kufikiri.

"Mimi pia. Nyuma ya soko la ng'ombe. Sasa niambie hiyo habari kwa lugha ya mama yako."

Tony alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Joyline na watu wake walikuwa wamemfundisha kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo wageni wakija. Kwa Kikuria hakuna aliyemwandikia kitu. Ilibidi atafute maneno yake mwenyewe, na maneno yake mwenyewe yalikuwa na jambo moja tu la kusema.

Msimamizi wa depo aliacha ndoo. "Mnaongea nini?"

"Tunasalimiana nyumbani," Gisiri alisema bila kugeuka. "Endelea."

"Tata, baba yangu, nikisema nitaenda wapi?"

"Anza na kadi ya geti."

Tony alijifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwa makubaliano yetu. Mimi ni Mkatoliki, yeye Msabato. Jumamosi yake nafanya mimi, Jumapili yangu anafanya yeye. Ofisi ikijua itakataa, kwa hivyo nagonga kadi yake, naye anagonga yangu. Tumefanya hivyo miaka yote. Mafundi wote wa kiwanda wanafanya hivyo. Waulize wa boila."

Gisiri alikaa juu ya friza. Mwaka mzima wa Jumamosi za Ogweno ukaanguka mbele yake na kuvunjika kama sahani. Ofisi ya juu ilikuwa imechagua Jumamosi kwa sababu mashine ilisema Jumamosi, na huko juu hakuna aliyejua kwamba mashine ilikuwa inadanganywa na watu wawili waliotaka tu kusali.

"Na Jumamosi iliyopita?"

"Mimi sikugonga. Nilikuwa hapa tayari. Kadi yake ilikuwa kwa kabati langu. Msimamizi wa zamu ndiye alikuwa na ufunguo mwingine."

"Kwa hiyo Ogweno alikufa lini?"

"Ijumaa mchana, wageni wakiwa ndani. Ile vali ilikuwa inavuja tangu wiki iliyotangulia. Oliver alisema mtambo uzimwe. Wakasema hapana, wageni wanataka kuona barafu ikimwagika. Ikaanza kuvuja vibaya. Oliver akaingia kuifunga ili gesi isifike kwa wale wazungu. Aliifunga. Hakutoka." Alishika ukingo wa friza. "Nilimvuta mpaka koridoni. Upande wa pili wa ukuta niliwasikia wakipigwa picha."

"Halafu?"

"Msimamizi akasema, Tony, lori la Migori linaondoka sasa hivi, panda. Nikamfunika Oliver na koti langu. Nikapanda."

"Walimpeleka wapi? Polisi waliitwa Jumamosi karibu adhuhuri. Kutoka Ijumaa mchana alikuwa wapi?"

"Hilo sijui, tata. Naapa hilo sijui."

Tony aliandika maelezo yake kwa Kiswahili kwa mkono wake, akijisomea kwa sauti, akatia sahihi. Gisiri alimshika bega. "Wewe ni shahidi. Hakuna atakayekugusa." Alisema hivyo mbele ya msimamizi wa depo, ambaye sasa alikuwa nje, mgongo wake kwao, simu sikioni.

*

Gari lilimharibikia usiku huo, na fundi wa Rongo alilishughulikia mpaka Jumamosi jioni. Gisiri alikuwa bado gereji, mikono imejaa grisi ya watu wengine, redio ya fundi iliposoma taarifa mpya.

Kampuni ya Ghuba, ilisema, imegundua kwa masikitiko makubwa kwamba kifo cha Bwana Oliver Ogweno kilitokea Ijumaa. Fundi mwenzake, ambaye walikuwa na mazoea ya kughushi kadi za zamu, aliuficha ukweli huo kwa wasimamizi na kutoroka hadi Migori. Amesimamishwa kazi. Kampuni inaipongeza idara ya upelelezi kwa kazi nzuri. Marehemu aliiheshimu imani yake hadi mwisho.

Fundi alimtazama. "Si hiyo ndiyo kesi yako? Hongera, afande."

Gisiri alitoka nje. Hakufika mbali kabla Onsongo hajapiga.

"Naomba radhi kwa kukuvunja moyo," mkuu wake alisema, na alionekana kumaanisha. "Ulikuwa sahihi kuhusu siku. Sasa mkamate huyo Mirumbe."

"Huyo ndiye shahidi wangu. Yeye ndiye aliyeniambia."

"Ameghushi kadi. Ameficha maiti. Kampuni imeandika malalamiko rasmi."

"Alifichaje maiti akiwa kwenye lori? Nilimpa neno langu."

"Una maelezo yake dhidi ya maelezo ya kampuni nzima. Mazishi ni kesho. Nionyeshe kitu nje ya mdomo wa huyo kijana, ama niletee kijana."

Gisiri alimpigia Joyline. Alipokea haraka, kama aliyekuwa anangoja.

"Hiyo ya imani yake," Gisiri alisema, "uliitoa kwangu."

"Ulinisaidia kuona. Tulikuwa tumeshikilia siku isiyotufaa na inayomuumiza mtu. Mjane alitaka Ijumaa. Amepata. Wazee wa kanisa nimewaona mwenyewe leo baada ya ibada, wataufungua mlango. Si ulitaka hivyo?"

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Jumapili yenye utulivu, Inspekta."

Alikata yeye, si Gisiri. Na lililomchoma zaidi ni kwamba hapakuwa na uongo katika sentensi yake ya mwisho. Kila jambo alilochimba kwa kucha zake, wao waliliosha, wakalivaa, wakatoka nalo nje.

*

Jeneza liliingia kanisani. Kwaya iliimba. Kezia alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka kuliko juma zima, na Gisiri, aliyesimama nyuma kabisa, alijua kwamba mama yule sasa alikuwa na mume wake, na kwamba yeye hakuwa na kesi.

Baadaye, bomani, kaburi lilikuwa tayari. Wafanyakazi wa Ghuba walikuwa wameletwa kwa basi, wote kwa fulana za buluu. Mkurugenzi alikuwa ametoka Nairobi. Wapiga picha wawili wa kampuni walipanga kamera zao ambapo mwanga ulikuwa mzuri. Joyline alimletea Kezia kipaza sauti na ile karatasi ya shukrani, imechapwa upya.

Kezia alisoma kwa Kiswahili, polepole. Aliishukuru kampuni kwa jeneza. Aliishukuru kwa hema na kwa gari. Aliishukuru kwa kusema ukweli kwamba mumewe alikufa Ijumaa. Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa heshima.

Kisha akakunja karatasi.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Mumeo akifa Ijumaa, huku kwetu mtu anapiga nduru Ijumaa hiyohiyo, watu wanajua. Usiku ule hawezi kuachwa. Anakaa na watu, hata wawili, hata mmoja. Mimi niliambiwa Jumamosi. Polisi waliambiwa Jumamosi. Sasa huo usiku wa Ijumaa, nani alikesha na Oliver?"

Hakupaza sauti. Mkurugenzi alimtazama Joyline. Joyline alitazama mikono yake, na mikononi hakukuwa na karatasi.

"Si lazima mnijibu na taarifa," Kezia alisema. "Nijibuni na mdomo. Alilala wapi?"

Mmoja wa wazee alikohoa. Wachimba kaburi walisimamisha majembe yao. Kisha, kutoka katikati ya fulana za buluu, mwanamke mnene wa makamo akasogea mbele. Gisiri alimfahamu: Risper, wa meza ya kukata minofu. Alikuwa amemhoji Jumatatu, naye akamkariria shairi.

"Alikuwa chumba cha baridi, nyar gi mama, dada yangu," Risper alisema, kama mtu anayeongea na ndugu yake jikoni. "Nilifungua Jumamosi alfajiri kutoa sangara. Alikuwa katikati ya makreti, amefunikwa koti. Tuliambiwa tutoe samaki upande ule mwingine. Tukatoa." Alivuta fulana yake chini. "Hakuna aliyekesha naye."

Kezia aliitikia kwa kichwa mara moja, kama aliyepokea kitu alichokuwa anakidai. Akaenda mpaka kwenye jeneza, akavua viatu, akaketi chini kando yake.

"Basi leo hatuziki. Kwanza akeshewe usiku wake. Kesho tutaona."

Risper aliketi. Kisha wanawake wa kwaya. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wanawake wa fulana za buluu, mpaka njia ya kwenda kaburini ikawa imejaa magoti. Mzee wa kanisa aliangalia huku na huku, akavuta kiti chake karibu na jeneza, akaanzisha wimbo.

Joyline alimjia Gisiri haraka, viatu vyake vikizama kwenye udongo mpya. Wapiga picha wake walikuwa bado wanarekodi, hakuna aliyewaambia waache.

"Inspekta, zungumza nao. Haya mambo yana utaratibu wake."

"Ndiyo, yana," alisema Gisiri. "Mimi ni Mkuria, madam. Hapa ni kwa Wajaluo, siwezi kumwambia mtu azike."

Alitembea mpaka nyuma ya boma ambapo nyimbo zilisikika kwa mbali. Onsongo alipokea simu akiwa na uchangamfu wa mtu aliyekwisha kula.

"Haya. Ameshaingia?"

"Bado yuko juu ya ardhi, afande. Na nina shahidi wa pili, amesema mbele ya boma zima na mbele ya kamera za kampuni yenyewe." Akasogeza simu karibu na mdomo. "Nitafutie hakimu. Na daktari anayeweza kupima mwili uliogandishwa pamoja na samaki."